Fundi Asiyekimbilia Spana

Seremala akimaliza kazi unakiona kiti. Fundi cherehani akimaliza unavaa shati. Mwashi huacha ukuta ambao wajukuu wake watapita hapo na kuambiwa ni wa babu yao. Anayetafuta ubovu wa mashine hana cha kuonyesha. Akifaulu, mashine inafanya kile ilichopaswa kufanya tangu mwanzo, na mwenyewe husahau upesi kwamba iliwahi kugoma. Ufundi huo wa kutafuta ndio ninaotaka kuusifu, na nitausifu kwa boti moja iliyopandishwa kutoka pwani hadi Ziwa Naivasha.

Ilikuwa boti ya jeti. Haina propela inayoning'inia nyuma. Chini ya sakafu yake mna mdomo wenye chanja ya vyuma unaofyonza maji, ndani mna pampu inayozungushwa na injini, na nyuma mna tundu jembamba linaloyatema maji hayo kwa nguvu, boti ikasukumwa mbele. Mwenyewe, mfanyabiashara wa Nakuru, aliinunua Mtwapa ikiwa imetumika miaka mingi katika maji ya chumvi. Injini yake ni ya Kimarekani, ya petroli, silinda nane, ya kabureta. Alitaka kuvushia wageni wanaokwenda Crescent Island kutazama twiga na pundamilia. Kule Mtwapa aliijaribu, ikaruka juu ya maji hadi akasahau kuteta bei. Naivasha ikakataa kuwaka. Ilipokubali, ilitoa moshi mweusi na kunuka petroli. Na wenzo wa mafuta ulipobanwa hadi mwisho, injini ilipiga kelele ya kutisha huku boti ikijikokota.

Ilishuka kwenye lori ikiwa na hukumu tatu tayari. Dereva alisema ni betri. Kijana wa nyumbani kwa mwenye boti, aliyekuwa ametazama video nyingi kwenye simu, alisema injini imekufa, itafutwe nyingine. Mwenyewe alisema ametapeliwa. Fundi aliyeitwa, mzee wa Karagita aliyezeekea kwenye pampu za mashamba ya maua, hakuongeza hukumu ya nne. Aliuliza maswali, tena mengi hayakuhusu injini. Boti ilikuwa ikilala wapi, majini au nchi kavu? Ilikaa muda gani bila kuwashwa kabla ya kuuzwa? Petroli iliyomo ni ya kituo gani? Nani aliifungua mara ya mwisho, na alifungua nini?

Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko sanduku zima la vyombo. Uchakavu huja polepole na hutoa dalili. Mkono wa mtu huja ghafla na kuondoka. Ndiyo maana kilichoguswa mwisho hushukiwa kwanza. Ikabainika kwamba siku ya kuuza, muuzaji alifungua kifuniko kidogo cha juu ya pampu ili mnunuzi achungulie ndani na kuona kwamba impela, yale mapanga yanayosukuma maji, ni nzima. Akakifunga, wakapeana mikono. Fundi alilisikia jambo hilo, akanyamaza.

Kisha akafungua mlango wa chumba cha injini, akainama na kunusa. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko pua, na katika boti ya petroli hakuna kilicho cha lazima zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari humwagika barabarani na kupotea. Kwenye boti huteremka na kujaa sakafuni, na cheche moja ya stata inatosha kuvunja boti na aliyeishika. Alingoja hadi harufu ikapungua, akawasha feni ya kutoa hewa, akangoja tena. Watu waliosimama ufukweni walianza kuchoka. Mmoja aliuliza kama huyo ni fundi au ni mchungaji anayeombea mashine.

Alichofanya baadaye kilinifanya nisogee karibu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kidole. Oili iliyochanganyika na maji hubadilika ikawa na rangi ya chai ya maziwa; hii ilikuwa nyeusi, oili ya kawaida iliyochakaa. Akafungua plagi zote nane kabla hajamruhusu yeyote kugusa ufunguo. Sababu yake inahitaji kuelezwa. Katika boti nyingi za namna hii mabomba ya moshi yana koti la maji linaloyapoza, na maji ya bahari hulila koti hilo kutoka ndani. Likitoboka, maji huingia katika silinda. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Mtu akipiga stata huku silinda moja ina maji, pistoni hugonga ukuta usiosogea, na fito za pistoni hupinda. Injini iliyokuwa mbovu kidogo inakuwa chuma chakavu kwa sekunde moja, na aliyeiua ni yule aliyetaka tu kusikia kama itawaka. Plagi zikiwa nje, maji hurushwa kupitia matundu yake bila madhara. Aliizungusha kwa mkono, kwa spana kubwa ya mbele, akikaza sikio. Halikutoka hata tone.

Plagi alizipanga juu ya ubao kwa mfuatano, ya kwanza hadi ya nane, kila moja mahali pake. Zote zilikuwa nyeusi, zimejaa masizi makavu.

Hapo ndipo ufundi unapoachana na ubahatishaji. Plagi moja nyeusi kati ya nane ina habari za silinda yake: ringi zimechoka, au waya wake umekatika. Plagi nane zilizopakwa masizi kwa kiasi kile kile haziwezi kuwa na magonjwa manane yanayofanana. Kilichozifika kimetoka nje ya silinda, mahali ambapo zote nane zinakunywa. Zinakunywa petroli kutoka kabureta moja na hewa kutoka anga moja. Kabla ya kubomoa kabureta, fundi alitazama anga.

Mtwapa iko usawa wa bahari. Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,890 juu yake, na lori lililoileta boti lilipanda juu zaidi ya hapo, likapita nyanda za Limuru kabla ya kuteremka ndani ya Bonde la Ufa. Hapa ziwani hewa ina takriban asilimia 80 tu ya shinikizo la pwani. Kabureta ya zamani haijui kwamba imehama. Inaendelea kupima petroli kwa kipimo cha Mtwapa na kuichanganya na hewa ya Naivasha, ambayo ni pungufu. Petroli inazidi, haiungui yote, inatoka moshi mweusi, inapaka plagi masizi, na plagi zenye masizi hazitoi cheche nzuri asubuhi penye baridi. Kugoma, moshi na harufu vilikuwa dalili za jambo moja, na jambo hilo halikuwa ugonjwa.

Kijana wa simu hakuridhika. Kipimo cha kompresheni kilipoingizwa katika tundu la kwanza la plagi kilisoma paundi 120, na yeye alikuwa na kitabu cha injini hiyo kwenye skrini.

“Mzee, hapa wanasema mia na hamsini. Hii imekwisha.”

“Kitabu kiliandikiwa wapi?”

Kijana hakuwa na jibu. Mzee akaendelea na tundu la pili, la tatu, hadi la nane, akiandika kwa chaki ubavuni mwa boti. Zote zilikaribiana: 118, 122, 120. Asilimia 80 ya 150 ni 120. Injini hii ilikuwa nzima kabisa, na mtu aliyesoma namba sahihi kutoka kitabu sahihi alikuwa karibu kuizika. Nambari yenyewe ina maana ndogo ukiwa mlimani. Kinachotafutwa ni kulingana: silinda moja ikianguka mbali na wenzake, huyo ni mgonjwa. Zikishuka zote pamoja, jiulize uko wapi.

Hilo ndilo ninalolisifu zaidi ya ustadi wa mikono. Mashine iliyotumika ikibadilisha mwenyewe hubadilisha pia mahali, maji, hewa, mafuta na desturi. Mnunuzi huona tofauti na kuita ubovu, na akishaita ubovu anamtafuta mwizi. Muuzaji wa Mtwapa hakudanganya. Alisema boti inaruka, na pale ilipokuwa iliruka. Fundi mzuri hutenganisha ugonjwa na ugeni kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa dawa ya ugonjwa ni spea, na dawa ya ugeni ni marekebisho ambayo mara nyingi hugharimu chini ya mlo wa mchana wa watu waliosimama kutazama.

Petroli aliishughulikia kwa haraka. Alitoa kidogo katika chupa isiyo na rangi, akaiacha itulie. Maji, yakiwamo, hukaa chini na kuonyesha mstari. Kenya tumezoea kushuku mafuta. Serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, sababu iliyotolewa ilikuwa kuwakatisha tamaa wanaoyachanganya na mafuta ya magari. Lakini hii haikuwa na maji wala harufu ya taa, ilikuwa imekaa mno tu. Ikamwagwa kwenye mtungi, ikawekwa mpya. Jeti za kabureta, yale matundu madogo ya shaba yanayopitisha petroli, zikabadilishwa kwa nyembamba zaidi. Moshi ukakoma. Injini ikawaka mara ya kwanza, na ufukwe mzima ukapiga makofi.

Boti ilipoingia majini, bado haikwenda.

Mwenye boti alikata tamaa hapo, na mimi naona hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote katika kazi hii. Mashine moja inaweza kuwa na makosa mawili yasiyojuana. La kwanza likiondoka, la pili linaonekana, na mtu asiye na utaratibu hudhani kazi yake ya kwanza ilikuwa bure. Anarudi nyuma, anabadilisha alichobadilisha, na sasa ana makosa matatu. Mzee alifuata kanuni moja tu: jambo moja kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Akiwa amegusa viwili, boti ikapona, asingejua ni kipi kilichoiponya. Na kesho ikiugua tena angeanza upya.

Alikaa karibu na usukani akitazama geji ya mizunguko. Muuzaji alikuwa amemwambia mnunuzi kwamba wenzo ukibanwa hadi mwisho, injini hufika 4,400 kwa dakika. Hapa ilifika 4,000, ikakaa kidogo, halafu ghafla ikaruka hadi 5,000 na boti ikalegea. Ikashuka, ikaruka tena.

Propela ya kawaida huzunguka kwa kutegemea mzigo wa boti, mwendo wake na upepo. Pampu ya jeti haijali sana mambo hayo. Impela fulani ikizungushwa mara 4,000 kwa dakika hula nguvu ile ile, boti iwe imefungwa gatini au inaruka. Kwa hiyo geji ni shahidi mwaminifu mno. Mizunguko ikiwa michache wenzo ukiwa mwisho, injini haina nguvu. Ikiwa mingi kupita kiasi, injini ina nguvu lakini pampu haishiki maji. Boti hii ilisema yote mawili kwa zamu. Ile 4,000 haikumshughulisha: injini iliyopoteza sehemu ya tano ya nguvu zake kwa sababu ya mwinuko haiwezi kuizungusha pampu ile ile kwa kasi ya pwani, na upungufu wa kati ya mizunguko 300 na 450 ni wa kutarajiwa. Ile 5,000 ndiyo iliyokuwa na shida. Pampu ilikuwa inazunguka katika kitu ambacho si maji.

Mzee hakuwahi kufanyia kazi boti ya jeti maishani mwake. Alisema hivyo waziwazi, bila aibu. Alichokijua ni pampu. Tangu ujana wake alikuwa ameketi kando ya mashine zinazovuta maji ya ziwa kwenda kwenye nyumba za plastiki za waridi, na kwake boti hii ilikuwa pampu ya shamba iliyofungwa ndani ya mtumbwi, inayojimwagilia yenyewe. Alijua kwamba pampu ya huku haivuti kwa urahisi wa pampu ya pwani, kwani kinachoyasukuma maji yaingie katika mdomo wa pampu ni uzito wa hewa iliyo juu ya ziwa, na uzito huo umepungua. Usawa wa bahari hewa inaweza kuinua maji mita 10 na kidogo. Naivasha ni mita 8 na kidogo. Upenyo ambao Mtwapa ungesamehewa, hapa hausamehewi. Na alijua kosa la kwanza la pampu yoyote inayozunguka bila kusukuma: inakunywa hewa.

Akakumbuka kifuniko kilichofunguliwa kumridhisha mnunuzi.

Angeweza kukifungua, kununua mpira mpya wa kukizibia, kukifunga na kujaribu. Badala yake alichota grisi kwa vidole na kuipaka nene kuzunguka ukingo wote wa kifuniko, kwa nje. Kama hewa inapita hapo, grisi itaziba kwa dakika chache na dalili itabadilika. Ikiwa hapapiti kitu, hakuna kilichopotea ila grisi. Ni mbinu ya mashambani, hutumiwa kwenye viungo vya mabomba ya kuvutia maji, na sijui mbinu nyingine ya bei hiyo inayouliza swali kwa usafi namna hiyo. Boti ikarudi majini. Mizunguko haikuruka hadi 5,000 tena. Iliruka hadi 4,500 tu, na boti ikaanza kuinua pua. Mpira ulikuwa umekunjika siku ile ya kupeana mikono. Ukatolewa na kuwekwa mwingine.

Lakini 4,500 haikuwa 4,000. Boti ikavutwa nchi kavu, chanja ikafunguliwa, na mzee akalala chali chini ya boti akiwa na kipande cha msumeno wa chuma mkononi. Impela huzunguka ndani ya pete, na nafasi kati ya ncha zake na pete hiyo inatakiwa kuwa kiasi cha nusu milimita hivi. Ikipanuka, maji yaliyokwisha kusukumwa hurudi nyuma kupitia pembeni, na nguvu inapotea kwa kuzungusha maji yale yale. Ubapa wa msumeno wa chuma una unene wa takriban milimita 0.6. Usipoingia, pete ni nzima. Ukiingia kwa kubana, subiri. Hapa uliingia ukacheza, akaongeza wa pili juu yake, na zote mbili zikapita. Miaka ya kuegesha boti kwenye fukwe za mchanga ilikuwa imeisaga pete hiyo punje kwa punje. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa kweli, wa pekee, katika boti nzima, na ulikuwa umejificha nyuma ya mwinuko, petroli iliyochacha na mpira uliokunjika. Pete mpya ilikerezwa Nakuru, kwa chuma kisichoshika kutu, kwa vipimo vilivyoandikwa nyuma ya pakiti ya sigara.

Joto la injini lilimchukua muda mfupi. Maji ya kuipozea huchotwa na pampu hiyo hiyo, kwa hiyo pampu ilipopona joto lilishuka. Kilichobaki ni chumvi iliyoganda njiani, ikaoshwa kwa siki. Alimwonya atakayeiendesha boti jambo moja: pwani maji huchemka yakifika nyuzi 100, huku ni karibu 94, basi asiisubiri sindano ifike alipozoea kuogopa.

Boti za namna hii hazikubuniwa kwa maziwa. William Hamilton, mfugaji na mhandisi wa New Zealand, alitaka kupanda mito ya kwao yenye kasi, kina kifupi na mawe yanayovunja propela, na mwaka 1954 akaunda ya kwanza. Mwaka 1960 boti zake zilipanda Mto Colorado kupitia Grand Canyon, kinyume cha mkondo. Zilifika hata Afrika: mwaka 1974, miaka 100 tangu Stanley aanze safari yake ya kulivuka bara, msafara wa John Blashford-Snell ulikuwa na boti za jeti katika maporomoko ya Mto Kongo, ambao wakati huo uliitwa Zaire. Mto unaokimbia hujisafisha. Naivasha halikimbii. Gugumaji lilionekana hapa mwishoni mwa miaka ya 1980 na halijaondoka. Visiwa vyake husafiri na upepo, leo vimeziba upande wa Kamere, kesho vimehamia kwingine. Tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020 na kuingia hadi mitaa ya Kihoto, chini ya maji mna nyaya za nyua, nguzo na migunga iliyokufa imesimama. Jeti haiogopi nguzo kwa vile haina propela ya kuvunjika, lakini mzizi mmoja wa gugumaji kwenye chanja unatosha kuizima. Sidhani ni chombo kinachofaa hapa, na nilimwambia mwenyewe hivyo. Mzee hakukubaliana nami wala hakunipinga. Ziwa hili, alisema, lilipokea ndege zilizokuwa zikitua majini. Ni kweli: kati ya 1937 na 1950 ndege za majini za njia iliyoanzishwa na Imperial Airways, kutoka Southampton kuelekea Afrika Kusini, zilikuwa zikitua papa hapa, na ziliruka tena katika hewa hii hii nyepesi. Asubuhi, mzee aliendelea, kabla ya upepo wa alasiri kuamka na kusukuma magugu, jeti itakwenda. Alasiri ifungwe.

Malipo yalileta mzozo ambao nimeuona mara nyingi kwenye gereji za Nakuru. Mwenye boti aliuliza, “Umebadilisha nini hasa?” Orodha ilikuwa fupi: jeti za kabureta, mpira, pete, petroli. Ukizijumlisha spea hazifiki robo ya kile fundi alichotaka. Kwake pesa zilizobaki zilikuwa za “kuangalia tu”. Tumejijengea desturi ya kulipia chuma na kukataa kulipia akili iliyotuambia ni chuma kipi, na matokeo yake tunayajua. Fundi anayelipwa kwa spea hujifunza kubadilisha spea. Angeanza na betri kwa kuwa dereva alisema betri, akaendelea na plagi, koili, pampu ya petroli, na mwisho angeuza injini ya pili, kila kimoja na risiti yake, na mwenyewe angelipa bila kunung'unika kwa sababu angebeba vyuma vya zamani nyumbani kama ushahidi. Mzee wa Karagita alikuwa ameokoa injini nzima, na kwa hilo hakukuwa na chuma cha kubeba. Walivutana, wakafika katikati. Niliona mzee hakushangaa. Nadhani bei aliyoitaja mwanzo ilikuwa imepimwa ili katikati yake iwe ndiyo bei.

Wiki hizi nasikia mwenye boti amepata mteja wa Baringo, mtu wa Kampi ya Samaki anayetaka chombo cha kufikia kisiwa cha Ol Kokwa. Habari zilimfikia mzee kabla boti haijauzwa, naye akampigia simu mwenye boti. Baringo liko chini sana kuliko Naivasha, karibu mita 1,000 tu juu ya bahari, na hewa yake ni nzito zaidi. Jeti nyembamba alizoweka hapa zitakuwa na njaa kule: petroli itapungua, moto ndani ya silinda utapanda, na pistoni zinaweza kutoboka huku injini ikisikika vizuri kuliko ilivyowahi kusikika. Maji ya Baringo pia yana tope jekundu, kwa hiyo pete mpya ipimwe kwa msumeno kila baada ya miezi michache. Jeti za zamani alikuwa amezihifadhi kwenye kichupa cha dawa, na akataka ziende pamoja na boti, pamoja na karatasi inayosema ni za mwinuko gani. Mwenye boti aliuliza kama maelezo yote hayo hayatamtia hofu mnunuzi. Mzee akamwambia anayeogopa leo hatapiga simu mwezi ujao kusema ametapeliwa, na kwamba kama wakitaka afike Kampi ya Samaki kuzibadilisha mwenyewe, nauli ni ya muuzaji.